Msamaha Waliomdai Felisia

Felisia hakuwahi kubeba dawa za kulevya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwao Songea walianza na lile lingine, wakalimaliza, bila hata kumuuliza mwenyewe. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, basi, kwa hiyo mwandiko wangu mtauvumilia. Habari yenyewe naijua. Felisia alipanga chumba kwetu hapa Guangzhou, China, nyumba ya mama yangu Bibiana, ghorofa ya saba, na mambo haya mengi yalisemwa mezani kwetu, sahani zikiwa bado hazijaondolewa.

Alizaliwa kijiji cha jirani na Peramiho. Baba yake alikuwa seremala wa misheni, na masista walimfundisha cherehani kabla hajaweza kusoma vizuri. Akaolewa na Kasmir, utingo wa lori la kahawa la Mbinga. Lori lilipinduka mteremkoni, Kasmir akafa, na Felisia akabaki na mtoto mmoja mgongoni, Herieth. Tangu hapo watu wanamwita Mama Herieth. Alishona sare za shule, akauza mitumba, akahamia Kariakoo, na mwaka tisini na sita akaja huku kununua mikoba. Herieth alibaki Songea kwa bibi yake, akiimba kwaya ya parokia. Felisia mwenyewe alikuwa kiongozi wa WAWATA pale, umoja wa wanawake Wakatoliki, na hata akiwa huku kiti chake kule kilimsubiri.

Mikoba alikuwa anaifuata kwa basi Shiling, mji wa viwanda vya mikoba. Nilikwenda naye mara moja. Ananusa mkoba ndani, anavuta zipu mara tatu, anapitisha ukucha kwenye mshono. Laobani, yaani mwenye duka, anamwapia kuwa ni ngozi halisi. Felisia anatingisha kichwa, "Meiyou, laobani, hakuna ngozi hapa," wanacheka wote wawili, ananunua. Na akifika Kariakoo anamwambia mteja, "Hii ni plastiki, mwanangu, lakini ni plastiki nzuri." Mama yangu alimwambia mara nyingi kwamba biashara haifanywi hivyo. Yeye akajibu kwamba wateja wake wanarudi.

Sasa niwaeleze jumuiya. Sisi Wakatoliki wa Tanzania na Kenya tulioko hapa tuko kumi na wawili, wakati mwingine pungufu, mtu akisafiri. Jumapili tunakwenda misa ya Wachina kwenye kanisa la mawe, tunapiga magoti wakipiga magoti, halafu tunarudi kwetu kusali kwa Kiswahili na kula ugali wa unga uliokuja kwenye masanduku. Katekista wetu ni mzee Agustino, anayesimamia upakiaji wa makontena bandari ya Huangpu. Mwenyekiti ni Didas, wa Songea kama Felisia, ananunua nguo soko la Shisanhang. Didas ndiye mwenye muhuri wa jumuiya, alichongesha mwenyewe, na hutembea nao mfukoni kama mtu anayetembea na bunduki.

Oktoba mwaka huu uliopita, tisini na nane, Papa Yohane Paulo alitimiza miaka ishirini tangu achaguliwe. Agustino alikuwa na kijitabu cha maisha yake kilichotoka nyumbani, akasema tukisome kila Jumapili kipande mpaka Krismasi. Tukasoma jinsi mama yake alivyofariki yeye hajatimiza miaka tisa, kaka yake daktari akafuata, halafu baba, akabaki peke yake duniani kijana mdogo. Tukasoma jinsi alivyovunja mawe kwenye machimbo wakati Wajerumani wameikalia nchi yake, akisomea upadri kwa kujificha. Mama yangu alilia hapo kwenye mawe. Mimi nilimpenda.

Jumapili hiyo ya kwanza Didas akasema, "Mimi mkono wa huyu mtu naujua." Akatuhadithia. Mwaka tisini, Papa alipokuja Songea, yeye Didas alikuwa miongoni mwa wahudumu wa altare, na Papa alimwekea mkono kichwani, hivi, ukakaa muda. Calvin, kijana anayenunua simu na chaja, akauliza kama mkono ulikuwa wa moto.

"Wa moto, mdogo wangu. Mpaka leo nausikia."

Felisia alikuwa anamenya kitunguu. Akasema bila kuinua kichwa, "Didas, kaka yangu, mwaka ule ulikuwa Makambako unauza matairi."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Agustino mwenyewe alijifunika uso na kijitabu. Calvin akamuuliza Felisia, "Na wewe uliona nini?"

"Mimi nilisimama uwanjani tangu usiku na wanawake wenzangu. Niliona kofia nyeupe. Tena nusu, mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwenye kilemba kikubwa." Akafuta machozi ya kitunguu. "Lakini nusu ile niliiona kweli."

Didas alicheka na wengine. Nilimtazama, meno yalicheka, shingo ilikaza. Kwa ajili ya kicheko kile tu, mwanamke wa watu akaja kulala sakafuni siku kumi na tisa.

Hapa tuna desturi. Viza zikikaribia kwisha, watu wanakusanya pasipoti zote, mtu mmoja anazipeleka kwa Mchina anayezijua ofisi, baada ya siku kadhaa zinarudi zimeongezewa muda. Katikati hapo unabaki na fotokopi. Kila mtu anajua ni hatari. Kosa hili wanalifanya watu wanaosali pamoja tu. Wasiosali pamoja wangeandikishana. Mwanzoni mwa Novemba Didas alikusanya pasipoti nane. Zilirudi saba. Ya Felisia, alisema, bado iko ofisini, avute subira, keshokutwa.

Keshokutwa hiyo Felisia alikuwa kwenye basi la Shiling. Polisi wakasimamisha basi, wakataka pasipoti, akatoa fotokopi. Hawakuitaka. Walikuwa wanafanya kazi yao, siwalaumu. Akawaeleza kwa Kichina chake cha sokoni na mikono kwamba pasipoti anayo mwenyekiti wake, anakaa nyumba ya wageni fulani, twendeni. Wakampeleka mpaka mlangoni kwa Didas.

Didas akatoka. Akamtazama. Akamwambia msichana wa mapokezi awafasirie polisi: huyu mwanamke simjui.

Siku kumi na tisa. Polisi hawakumsikiliza tena; alilala sakafuni kituoni na wanawake wasiojua neno lake hata moja, wakamgawia soksi. Sisi tulikuwa tunamtafuta Shiling, Agustino alifika mpaka bandarini kuulizia, na Didas alikuwa anatafuta pamoja na sisi! Alisimama hapa kwetu akaongoza rozari kwa ajili yake. Tulipojua mwishowe yuko wapi, mama yangu alikwenda kwa Didas akamwambia hatoki mlangoni pake mpaka pasipoti ionekane. Ikaonekana. Ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati, alisema. Kumbe haikuwahi kwenda ofisi yoyote.

Na kule nyumbani? Watu walikuwa wanauliza mbona Mama Herieth hapigi simu. Didas akawajibu kwa simu, bila sisi kujua, kwamba amekamatwa, na kwamba China mwanamke hakamatwi hivi hivi, wao wenyewe wajaze. Wakajaza. Wiki haijaisha, Songea nzima inajua Felisia kameza dawa za kulevya. Kiti chake cha WAWATA kikapewa mwingine. Herieth, mtoto wa miaka kumi na tano, akaambiwa akae pembeni kwenye kwaya mpaka mambo ya mama yake yaeleweke. Herieth kafanya nini? Kaimba vibaya?

Felisia alitoka amekonda, nywele zimekatwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuoga. Cha pili alimpigia simu Herieth, na akaambiwa hayo yote na mtoto anayelia. Tulisikia kutoka jikoni anasema tu, "Eeh. Eeh. Nimesikia, mama. Eeh."

Paroko wa kwao ni mtu mzuri kidogo. Alileta ujumbe: jumuiya ya Guangzhou iandike barua, iseme yaliyotokea, atawasomea waumini. Calvin alikuwa anasafiri kwenda nyumbani Jumatatu, wiki moja na nusu kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya barua, na jina la Felisia lote lilikuwa ndani ya barua hiyo. Hakutaka kingine. Hakuomba Didas apigwe, hakuomba afukuzwe. Alitaka iandikwe kwamba pasipoti alikuwa nayo Didas, na Didas alimkana.

Didas yeye alisema siku hiyo ya polisi hakuwepo kabisa, alikuwa Shisanhang. Kwamba dada yetu amechanganyikiwa, mateso yamemwingia kichwani. Na kwamba yeye, kwa upande wake, amemsamehe kwa kumchafulia jina.

Someni tena hapo. Yeye. Amemsamehe.

Jumapili ikafika. Kwenye jumuiya zetu kabla ya Krismasi waliogombana wanapeana mikono mbele ya wote, halafu ndipo sala inaendelea. Agustino, mzee wa watu asiyependa ugomvi, alikuwa ameshaandika barua nyumbani kwake. Akaisoma: palitokea kutoelewana kati ya ndugu wawili katika Kristo, lakini kwa neema ya Mungu wamepatana, tunaomba jambo hili lisizungumzwe tena. Bado muhuri tu. Didas akautoa mfukoni akauweka mezani karibu na chumvi.

Kisha Agustino akafungua kijitabu, na kwa bahati au kwa kupangwa, kipande cha siku hiyo kilikuwa ni kile cha Papa kupigwa risasi uwanjani, mwaka themanini na moja, alivyomsamehe aliyempiga angali kitandani hospitali, na alivyokwenda baadaye kukaa naye. Calvin hakusubiri hata kitabu kifungwe.

"Mama Herieth, si unaona? Papa, risasi tumboni! Kasamehe. Wewe umelala kituoni siku kumi na tisa tu, tena umepewa na soksi."

Watu wawili watatu wakacheka. Mwingine akasema, "Mpe mkono, dada, tule." Mwingine, "Sisi wote ni wadhambi." Nilikuwa nimeshika mwiko, na niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kupigwa hata jiwe. Ni rahisi kumwonyesha mtu njia ya Papa ukiwa wewe mwenyewe umekalia mto.

Felisia alikuwa amevaa kitambaa kichwani kuficha nywele. Akasema, "Katekista, naomba urudie pale alipokwenda kumwona."

Agustino akarudia. Siku mbili baada ya Krismasi, mwaka themanini na tatu, Baba Mtakatifu alikwenda gerezani, akaketi na yule mtu, wakazungumza kwa sauti ya chini.

"Alikwenda wapi?"

"Gerezani."

"Yule mtu alikuwa gerezani anauza nini?"

"Alikuwa amefungwa, Mama Herieth, unajua."

"Walijuaje kama ni yeye?"

"Uwanja mzima uliona."

"Na walipomaliza kuongea, Papa alitoka naye?"

Agustino aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Hapana. Yumo gerezani mpaka leo."

"Asante, katekista." Akamgeukia Calvin. "Mwanangu, umemsikia Papa wako? Hakuna aliyemwambia aseme risasi ilijipiga yenyewe. Hakuandikiwa barua kwamba palitokea kutoelewana kati yake na bastola."

Hapo hakuna aliyecheka. Didas akasimama, mkono mbele, akasema kwa ile sauti yake ya kuongoza sala, "Ndugu zangu, mnakiona kiburi? Nimenyoosha mkono, nimedharauliwa."

"Didas," Felisia akasema, "mimi nikiambiwa nije nikutembelee, nitakuja, na chakula nitabeba. Lakini nikutembelee wapi? Umekaa kwenye kiti cha mwenyekiti."

"Sikuwepo siku hiyo! Niape mara ngapi?"

"Mwenyekiti, wacha." Aliyesema ni Kariuki, Mkenya wa Nairobi, muuza redio, mtu ambaye jumuiyani hasemi zaidi ya amina. Alikuwa ameinamia sahani yake tupu. "Wacha, bana. Mimi nilikuwa kwa ngazi."

"Ngazi gani?"

"Ngazi ya kwenu. Nilikuwa nakuletea ile boksi ya redio. Polisi wawili, huyu mama katikati yao. Ukatoka na taulo kwa shingo, msee. Ukamwangalia kutoka juu mpaka chini. Yeye akakuita kaka. Ukaambia yule msichana, simjui huyu. Mimi nikarudi chini polepole na boksi yangu."

Mama yangu akamgeukia Kariuki kwa hasira ambayo sijawahi kumwona nayo. "Na wewe ulikuwa unakula ugali wangu hapa, siku zote hizo, unatusikiliza tunavyomtafuta?"

"Viza yangu ilikuwa imeisha, mathe. Ningesema ningeitwa shahidi. Niliogopa." Akamtazama Felisia, macho mekundu. "Niliogopa, Mama Herieth. Ukweli ndio huo. Nilikuacha pale."

Felisia akainuka, akazunguka meza, akampa mkono. Kariuki akasimama kuupokea kama mtoto wa shule.

"Wewe nimekusamehe," akamwambia. "Umeona? Hata chakula hakijapoa." Akawageukia waliobaki. "Nani alisema siwezi? Naweza. Nawezaje kumsamehe mtu kitu anachosema hakikufanyika? Nitakuwa namsamehe kwa ndoto yangu."

Kila mtu alikuwa anamtazama Didas sasa. Nafikiri hata Felisia alimsubiri. Alibaki amesimama, mkono haujarudi ubavuni vizuri. Yalikuwa maneno mawili tu. "Nilikosa mimi." Hata Agustino alitikisa kichwa kidogo kama anayemsaidia mtoto kukumbuka katekisimu.

Didas akachukua muhuri karibu na chumvi, akautia mfukoni. "Andikeni mnachotaka. Tuone nani atasoma karatasi isiyo na muhuri." Akaondoka, na wanne wakamfuata, wengine hawakuwa hata na viatu vizuri miguuni. Mlango waliufunga kwa heshima, ndicho kitu kilichoniudhi zaidi.

Agustino aliichana barua yake vipande vinne. Akaomba karatasi. Aliandika saa nzima, na safari hii hakuweka neema mahali pa habari. Pasipoti ilikuwa kwa fulani. Tarehe fulani alimkana mbele ya polisi. Aliyeona ni huyu. Kosa la huyu mwanamke halikuwepo, na neno la dawa za kulevya ni uongo. Akatia saini. Mama yangu akatia saini. Kariuki akatia saini na namba ya pasipoti yake chini, mtu aliyekuwa anaogopa kuitwa shahidi. Mimi na mwingine mmoja nasi tukatia, na Felisia mwenyewe. Sita.

Calvin alikuwa amebaki, lakini hakugusa kalamu. "Mimi nanunua na Didas, mnanielewa. Na hii bila muhuri, kusema kweli, ni karatasi tu."

"Kusaini usisaini," mama yangu akasema. "Kubeba utabeba. Miaka miwili unakula hapa, Calvin, sijawahi kukuuliza muhuri wa tumbo lako."

Akaibeba.

Februari ndipo majibu yalipokuja. Paroko aliisoma barua kanisani baada ya misa, yote, na majina. Herieth amerudishwa kwenye kwaya, alipiga simu mwenyewe, na nilimsikia mama yake akicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke. Lakini kiti cha WAWATA, hapana. Wanawake wenzake, wale aliosimama nao uwanjani tangu usiku, wamesema barua isiyo na muhuri mtu yeyote anaweza kuandika. Halafu Didas naye amewaandikia. Yake ina muhuri. Imesema mwanamke yule anasumbuliwa na kichwa, aombewe. Na kwenye orodha ya parokia jumuiya ya Guangzhou ni ile ya Didas na watu wake wanne, wanaosali kwenye nyumba ya wageni anakokaa na kumwombea Papa kila Jumapili. Mnisaidie mimi niliyeishia darasa la tano: ukweli ukitiwa saini na watu sita wanaoogopa, na uongo ukapigwa muhuri na mmoja asiyeogopa, waliosoma wanauchukua upi?

Felisia hakupiga kelele. Aliniambia nimsaidie kufungasha. Anaondoka Alhamisi, safari hii bila mikoba. Anataka WAWATA wakutane wote parokiani, kila mwanamke asimame aseme alisikia nini, alisikia kwa nani, na alimwambia nani.

Nikamuuliza, wakikataa je?

"Nitakaa pale mpaka waseme. Na wakisema," akavuta zipu ya sanduku, "nitawasamehe siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana."